Sauti ya mwanafunzi isifungiwe kabatini

Nikiingia darasa lolote la shule maalumu, kitu cha kwanza ninachokitafuta kwa macho ni ubao wa mawasiliano, yaani ubao wa picha ambazo mwanafunzi asiyetumia maneno ya mdomo huzigusa ili aseme. Siku hizi ubao huo upo karibu kila darasa. Ninachotaka kujua ni umekaa wapi. Ukiwa umetundikwa ukutani juu ya kichwa cha mwalimu, au umo ndani ya begi nyuma ya mlango, au umefungiwa kabatini na vifaa vya hisabati ukisubiri kipindi cha mawasiliano, basi mtoto huyo hana namna ya kusema kwa sehemu kubwa ya siku. Anapewa sauti saa nne, ananyang'anywa saa nne na nusu.

Mimi ni mwalimu, na kazi yangu shuleni ni kuratibu mawasiliano ya wanafunzi tangu wanapopokewa langoni asubuhi hadi wanapopanda basi kurudi nyumbani. Tuna watoto wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo, wenye sindromu ya Down, viziwi, na wachache wasioona wala kusikia. Wapo wanaoongea sana ila maneno yao hayashikiki kwa mgeni. Wapo wanaorudia sentensi walizozisikia jana, na ndani ya sentensi hizo wanakuambia jambo la leo. Wapo wasiotoa sauti kabisa. Msimamo wangu juu yao wote ni mmoja, na wenzangu wameusikia vikaoni mpaka wanaujua: kama mtoto hawezi kusema jambo akiwa chooni, kwenye foleni ya chakula au ndani ya basi, shule bado haijampa mawasiliano, hata akifanya vizuri vipi darasani mbele ya mkaguzi.

Jambo hili lina msingi wa kisheria, na ni vizuri walimu waujue. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 2, unapoeleza maana ya mawasiliano unazitaja lugha, maandishi ya nukta nundu, mawasiliano ya kugusa, maandishi makubwa, na njia mbadala na za nyongeza, zote kwa pamoja. Ibara ya 24 inazitaka nchi ziwezeshe watu wenye ulemavu kujifunza njia hizo. Kwa hiyo mwalimu anayemkumbusha mwenzake kwamba kitabu cha picha kimesahaulika darasani wakati watoto wako uwanjani hadai hisani. Anadai haki ya mtoto.

Nianze na sisi watu wazima, maana tatizo kubwa liko kwetu. Mtoto anakabidhiwa ubao wenye picha sitini, kisha anaulizwa, "Haya, unataka nini?" Hajawahi kumwona mtu yeyote akiongea kwa ubao huo. Mtoto mchanga anasikia maneno mwaka mzima kabla ya kutamka la kwanza, na hakuna anayesema kwamba hana uwezo; lakini mtoto wa ubao anapewa wiki mbili, akinyamaza tunaandika kwenye faili kwamba ubao haumfai. Mwalimu anapaswa kuongea huku kidole chake kikigusa picha: "Twende" anagusa *twende*, "nje" anagusa *nje*, "mvua imeisha" anagusa *imeisha*. Anafanya hivyo bila kumtaka mtoto arudie. Anafanya hivyo akimvalisha viatu, akigawa kalamu, akigombana na dirisha lisilofunguka. Miezi ikipita mtoto anaanza kuuangalia ubao kabla ya mwalimu kuufikia, na siku nyingine anaanza yeye.

Hapa ndipo wazazi wengi huniuliza kwa hofu kama picha hazitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. Hofu hiyo naielewa na sijawahi kuipuuza, kwa sababu mzazi anayeuliza hivyo anaitamani sauti ya mwanawe. Nawaeleza kuhusu uchambuzi wa watafiti Millar, Light na Schlosser uliotoka mwaka 2006. Walikusanya tafiti zilizopima usemi wa watu wenye ulemavu wa ukuaji kabla na baada ya kupewa njia mbadala. Katika kesi 27 walizoziona zina ushahidi wa kuaminika, hakuna hata moja ambayo usemi ulipungua. Asilimia 89 waliongeza usemi, hata kama wengi waliongeza kidogo tu. Picha haizibi mdomo. Mara nyingi inampunguzia mtoto shinikizo, na sauti inatoka pale ambapo hatuivizii.

Ubao wenyewe nao una mambo yake. Maneno mia mbili hadi mia nne hivi ya kawaida kabisa ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya kila siku ya mtu yeyote: *nataka, sitaki, zaidi, acha, njoo, angalia, wapi, nani, yangu, bado*. Mbao nyingi ninazozikuta zimejaa majina ya vitu: mpira, kikombe, kiti, gari. Kwa majina peke yake mtoto ataomba, na baada ya kuomba hana la kusema. Sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tuna la ziada la kuamua, kwa sababu kitenzi chetu kinabeba nafsi, wakati na ukanushi ndani yake. Ubao uliotungwa kwa lugha nyingine ukibandikwa maneno ya Kiswahili juu ya kila picha unamwachia mtoto *mimi*, *taka* na *hapana* vikiwa mbalimbali, naye haongei hivyo na hakuna anayemsikia akiongea hivyo. Kwa wanaoanza naweka *nataka* na *sitaki* kama vitufe viwili kamili, vimekaa pande mbili tofauti, rangi tofauti. Wanaosonga mbele nawapa viambishi wavijenge wenyewe.

Mpangilio ukishawekwa, usiguswe. Kama *acha* iko kona ya chini kulia kwenye ubao wa darasani, ikae hapo hapo kwenye kitabu, kwenye kishikwambi na kwenye ubao mkubwa wa uwanjani. Mkono wa mtoto hukumbuka njia kabla macho yake hayajasoma picha. Mwalimu mwenye moyo wa kupamba akizipanga upya picha kila muhula ili zipendeze, anamrudisha mtoto mwanzo.

Mfumo wa kubadilishana picha uliobuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, ujulikanao kwa kifupi PECS, tunautumia kwa baadhi ya wanafunzi wenye usonji, na naupenda kwa sababu unaanzia mahali sahihi: mtoto anamwendea mtu na kumwekea picha mkononi. Anajifunza kwamba mawasiliano yana mtu upande wa pili. Mwanzoni kunakuwa na watu wazima wawili, mmoja mbele anayepokea picha, mwingine nyuma anayeuongoza mkono bila kusema neno. Shule nyingi zinautumia hivi kwa hatua za kwanza, halafu zinaishia hapo. Hatua ya mwisho kabisa ya mfumo wenyewe ni kutoa maoni, na huko ndiko wengi hatufiki. Mtafiti Janice Light aliandika mwaka 1988 kwamba watu huwasiliana kwa sababu nne: kueleza haja na matakwa, kupashana habari, kujenga ukaribu na wenzao, na kutimiza adabu za kijamii. Pima kitabu cha picha cha mwanafunzi wako kwa hizo nne. Vingi vina moja.

Kuna msichana mmoja wa darasa la juu ambaye kitabu chake kwa muda mrefu kilikuwa cha kuomba tu. Tulipomwongezea ukurasa wa maoni, neno alilolishika kuliko yote lilikuwa *inachosha*. Alilitumia kwenye hisabati, alilitumia kwenye wimbo wa asubuhi, alilitumia nikiwa katikati ya kueleza jambo. Baadhi ya wenzangu walipendekeza tuliondoe. Nilikataa kabisa. Alikuwa anasema kweli: wimbo ule ulikuwa wa watoto wadogo, na yeye ni binti mkubwa. Tuliubadilisha wimbo. Sasa anatumia pia *nzuri*, na ninapoiona naiamini, kwa sababu alikuwa na uhuru wa kusema kinyume chake.

Jambo ninalolipigania kuliko yote halihitaji hata senti moja, nalo ni kusubiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya kawaida miaka ya 1970, aliona kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuuliza tena au kujijibu, na kwamba akisubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya watoto hurefuka na wengi zaidi hujitokeza. Hao ni watoto wenye misuli inayowatii.

Sasa mtazame kijana mwenye mtindio wa ubongo anayejibu kwa macho: juu ni ndiyo, kufumba kwa nguvu ni hapana. Umemuuliza kama anaumwa. Kwanza pumzi yake inabadilika. Kisha mkono wa kushoto unakakamaa na kichwa kinaelekea upande asioutaka. Anakitafuta tena katikati. Macho yanaanza safari ya kwenda juu, yanakwama, na hapo mtu mzima mwenye nia njema anainama na kurudia, "Unaumwa? Unaumwa mpenzi?" Mwili wote unashtuka na safari inaanza upya tangu pumzi ya kwanza. Nimeona hili likitokea mara kwa mara mpaka kijana analegea na kuangalia pembeni, kisha anaandikwa kwamba hakujibu. Alikuwa anajibu wakati wote. Kwa hiyo katika shule yetu tunauliza mara moja, tunafunga mdomo, tunahesabu kimoyomoyo hadi kumi na zaidi, na tunaushikilia uso wetu utulie. Wenye haraka wanaona muda huo ni mrefu mno. Ni wa kijana, hatuna ruhusa ya kuuchukua.

Kwa vijana kama huyu karatasi ngumu ya plastiki angavu yenye picha kwenye pembe nne inafanya kazi kubwa. Unaishika kati ya uso wako na wake, unamtazama kupitia katikati, na unaona macho yake yametua pembe ipi. Vifaa vya kielektroniki vinavyofuata macho vipo na vinasaidia sana, ila jua kali la uwanjani huvisumbua na betri huisha. Plastiki haina betri. Kila mwenye kifaa cha umeme shuleni kwetu ana pia njia ya karatasi, na zote mbili zinakwenda naye.

Niseme kidogo juu ya watoto wanaopiga, wanaong'ata, wanaojirusha chini. Mwaka 1985 watafiti Carr na Durand walionyesha kwa wanafunzi wachache kwamba ukigundua tabia hiyo inamletea mtoto nini, iwe kukwepa kazi ngumu au kupata macho ya mwalimu, kisha ukamfundisha maneno ya kuomba kitu hicho hicho, fujo hupungua. Nimelishuhudia darasani. Mvulana aliyekuwa akipigiza paji la uso mezani kila kazi ya kuandika inaporefuka alifundishwa kadi ya *pumzika*. Mwanzoni aliitoa kila baada ya mistari miwili, na kila mara alipumzika, kila mara, hata mwalimu alipoona anazidisha. Hapo pana jaribu kubwa. Kadi ikikataliwa siku ya kwanza kwa sababu tuko nyuma ya ratiba, mtoto amejifunza kwamba kadi ni karatasi tu na meza ndiyo inayosikilizwa. Muda wa kazi kati ya kadi na kadi unarefushwa baadaye, taratibu, akishaamini.

Kwa wasioona wala kusikia tunatumia vitu vya kushika, njia ambayo mizizi yake iko kwenye kazi ya Jan van Dijk na watoto wa aina hii huko Uholanzi miaka ya 1960. Kijiko kinasema chakula, kipande cha mkanda wa kiti kinasema basi, taulo ndogo inasema kuoga. Kitu kinatolewa pale pale kabla ya tendo, kinashikwa, kinabebwa hadi mahali penyewe. Mtu mmoja akitumia kijiko na mwingine akatumia kikombe kwa maana ile ile, mtoto anabaki gizani mara ya pili. Ndiyo maana vitu hivi tumeviandika kwenye orodha moja ya shule nzima, na hakuna anayebuni chake.

Kuhusu ishara za mikono, naomba wasomaji walio walimu watenganishe mambo mawili. Makaton, uliobuniwa na Margaret Walker nchini Uingereza miaka ya 1970, ni mpango wa ishara chache zinazoambatana na usemi, kwa maneno muhimu ya sentensi. Unawasaidia sana watoto wanaosikia lakini wenye ugumu wa lugha. Mtoto kiziwi anahitaji lugha ya alama kamili, yenye sarufi yake, na anahitaji watu wazima viziwi wa kuongea naye. Kumpa ishara hamsini za maneno muhimu na kudhani ameshapata lugha ni kumnyima lugha.

Wote hao, pamoja na njia zao, wanakutana na watu ambao hawamo kwenye semina zetu: dereva, mpishi, mlinzi, matroni, msafishaji. Nimeacha kuwaita "wafanyakazi wasio walimu" kwa sababu mtoto hajui mgawanyo huo. Mlinzi ndiye mtu wa kwanza anayemsalimu asubuhi. Mpishi ndiye anayemuuliza kama ameshiba. Tunawafundisha kwanza kabla ya mtu mwingine, nusu saa kwa wiki, mahali pao pa kazi: mpishi anafundishwa dirishani pa chakula, ubao ukiwa umebandikwa pale pale, dereva anafundishwa ndani ya basi. Na nikiri kwa furaha kwamba dereva wetu ndiye anayesubiri vizuri kuliko walimu wengi. Anageuka kwenye kiti, anauliza, ananyamaza, na hawashi gari mpaka amejibiwa.

Kuna mstari mmoja ambao simruhusu mtu kuuvuka, hata akiwa na mapenzi gani. Hatumshiki mtoto mkono na kuupeleka kwenye herufi au picha, kisha tukasema mtoto ameandika. Njia hiyo ilisambaa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la mawasiliano ya kuwezeshwa, na majaribio yaliyodhibitiwa yalionyesha kwamba maneno yalikuwa yanatoka kwa mshika mkono, bila yeye mwenyewe kujua. Chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu cha Marekani, ASHA, kilitoa tamko mwaka 2018 kikitaka isitumike. Mkono wa mtu wa nyuma katika hatua ya kwanza ya PECS niliyoitaja juu unamfundisha mtoto tendo la kupeana, unaondolewa haraka, na haumchagulii la kusema. Neno likitoka kwa msaada wa mkono wangu, ni langu.

Nalishikilia hili kwa sababu kuna maneno ambayo lazima tuwe na hakika ni ya mtoto. Uchambuzi ulioandaliwa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba watoto wenye ulemavu wako katika hatari ya kufanyiwa ukatili mara 3.7 zaidi ya wenzao wasio na ulemavu. Mtu mwovu anamchagua asiyeweza kusema. Sasa fungua kitabu cha mwanafunzi wako utafute: kuna *acha*? Kuna *ameniumiza*? Kuna sehemu zote za mwili, zikiwemo za siri, kwa majina yake? Kuna picha ya kila mtu mzima anayemhudumia, ukiwemo wewe? Ukurasa huu huwatia watu haya, na nimesikia ukiitwa usiofaa kwa watoto. Tunaufundisha wakati wa kuoga, kuvaa na kwenda zahanati, kwa utulivu ule ule wa kufundisha rangi, ili siku ukihitajika usiwe mgeni. Na mtoto akisema *sitaki* kwenye mambo madogo, kukumbatiwa kwa mfano, tunaacha pale pale. Asiyeheshimiwa hapana yake ya kukumbatiwa hataitoa kwa jambo kubwa.

Mwisho wa kila muhula kila mwanafunzi anaondoka na kitabu chake, kifaa chake chenye chaji, na pasipoti yake ya mawasiliano: kurasa chache zilizoandikwa kwa nafsi ya kwanza, "Nikiangalia juu nasema ndiyo. Nisubiri. Nikijiuma mkono, sikio linaniuma, niangalie." Zipo shule zinazozuia vifaa wakati wa likizo kwa kuogopa vitaharibika au kupotea. Vingine kweli vinaharibika. Sisi tunahifadhi nakala ya kila ubao, iliyokwisha kufunikwa plastiki, kwenye droo isiyofungwa kwa ufunguo, na mzazi akipiga simu kwamba umelowa au umechanika, dereva anaupeleka mpya siku hiyo hiyo.